Sanduku la Stima Nalo Lataka Kivuli

Mazungumzo kwa wakaazi wa Wundanyi, Mwatate, Voi na Taveta kuhusu jua, joto na vifaa vya umeme vilivyo nje ya nyumba



Anayepanda matatu Wundanyi alfajiri huwa amevaa sweta. Akifika Mwatate ameshafungua vifungo, na akishuka Voi ameikunja na kuitia mfukoni. Wundanyi iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Voi haifiki mita 600. Tofauti hiyo peke yake hupandisha joto la hewa kwa nyuzi tano hivi, kabla hata ya kuhesabu mawingu na ukungu wa milimani ambao Voi hauupati. Mwenye sweta anajua la kufanya. Sanduku la stima halijui. Sanduku la aina ile ile, lililonunuliwa duka moja na kufungwa na fundi mmoja, hupigiliwa ukutani Wesu na jingine likapigiliwa ukutani Maungu, kana kwamba ni mahali pamoja.

Mazungumzo haya yanahusu sanduku hilo: la mita, la swichi kuu, la pampu ya kisima, la inveta ya sola, na lile la chuma lililo chini ya mulika mwizi sokoni. Yote hukaa nje, yote hupigwa na jua, na mengi hufunguliwa siku yanapoharibika tu.

Chukua mfano wa mwenye duka la vinywaji baridi kando ya barabara kuu. Asubuhi friji zake mbili zinafanya kazi bila tatizo. Ikifika saa nane mchana, breka inaanguka. Anairudisha, inaanguka tena. Jioni jua likishatua anairudisha mara ya mwisho, nayo inashika vizuri mpaka kesho yake saa nane. Anaanza kushuku friji. Anamshuku jirani. Analaumu kampuni ya umeme. Mwisho anaitwa kijana wa mtaani mwenye bisibisi na jibu la haraka: anang'oa breka ya ampea 20 na kuweka ya 32. Inashika. Duka linaendelea, kijana analipwa, na kila mtu anafurahi.

Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo sababu kubwa ya mazungumzo haya.

Ndani ya breka kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme ukipita, kipande hicho hupata joto. Metali moja hupanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda, na kikipinda vya kutosha huachia swichi. Sasa kipande hicho hakiulizi joto limetoka wapi. Likitoka kwa umeme mwingi, kinapinda. Likitoka kwa jua lililopasha sanduku tangu saa sita, kinapinda vile vile. Breka za nyumbani huwekewa vipimo vyake kwa hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, kufuatana na kanuni za kimataifa. Ndani ya sanduku la chuma linalotazama magharibi mjini Voi, saa tisa ya mchana wa Februari, nyuzi 30 hazipatikani. Hewa ya nje yenyewe imeshazipita, na ya ndani yaweza kupita 50. Breka iliyoandikwa 20 huanza kufanya kazi kana kwamba imeandikwa 17.

Kwa hiyo breka ya mwenye duka haikuwa mbovu, na ilikuwa ikisema kweli: humu ndani kuna joto mno.

Na kama kuna joto mno kwa breka, kuna joto mno kwa waya. Waya wa kawaida wenye ngozi ya PVC umetengenezwa kustahimili nyuzi 70, na majedwali ambayo mafundi hutumia kuchagua unene wa waya yanahesabu kwamba hewa inayouzunguka ni ya nyuzi 30. Hewa ikifika 40, waya huo unaruhusiwa kubeba asilimia 87 tu ya mzigo wake. Ikifika 50, asilimia 71. Ikifika 60, nusu. Waya uliochaguliwa kubeba ampea 24 kivulini haupaswi kupitisha zaidi ya 12 katika joto hilo. Mbele ya waya huo sasa kumewekwa breka ya 32, ambayo haitaanguka hata waya ukianza kuiva. Na waya hauishii sandukuni. Unapanda darini, chini ya mabati, mahali ambapo joto la mchana ni kama la tanuri. Ngozi yake inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka kwenye kona. Siku nyingi hakuna kinachoonekana. Mlinzi aliyewekwa kuzuia moto ameondolewa kwa kuwa alikuwa msumbufu.

Breka inayoanguka mchana na kushika jioni isibadilishwe kuwa kubwa kabla sanduku halijawekewa kivuli na kabla fundi mwenye leseni hajapima mzigo wenyewe. Ikiwa neno moja tu litakumbukwa katika haya yote, na liwe hilo.

Jua linaleta joto kiasi gani? Mchana usio na mawingu, mita moja ya mraba inayolielekea jua moja kwa moja hupokea karibu wati 1,000. Uso wa sanduku dogo lenye sentimita 40 kwa 30 hupokea basi kama wati 120. Hizo ni balbu mbili za zamani za wati 60, zile za uzi, zikiwashwa mlangoni mwa sanduku mchana kutwa. Upepo huondoa sehemu ya joto hilo, na rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa. Lakini sanduku la kijivu kilichoiva au jeusi, kwenye ukuta usiopata upepo, hulimeza karibu lote. Juu ya hilo kuna joto la vifaa vyenyewe, maana inveta, kontakta na transfoma ndogo zote hutoa joto zikiwa kazini.

Watu wengi hudhani sanduku zuri ni lile lililofungwa kabisa. Dukani wataonyeshwa maandishi ya IP na tarakimu mbili, kwa mfano IP65. Tarakimu ya kwanza inasema vumbi linazuiwa kwa kiasi gani, na ya pili inasema maji. Kuhusu joto haisemi kitu. Sanduku la IP65 huzuia vumbi la Voi na mvua ya Wundanyi, ila joto likishaingia au kuzaliwa humo halina njia ya kutoka isipokuwa kupitia kuta. Ni sanduku zuri, lakini linahitaji kivuli kuliko lile lenye matundu.

Sasa ni wapi pa kuliweka? Hapa wakaazi wa kaunti hii wana bahati, kwa sababu jua lao linatabirika. Taita Taveta iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya katikati ya Machi na ya mwanzo wa Oktoba, jua hupita utosini kabisa na mtu hukanyaga kivuli chake. Kati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi liko kusini. Maana yake ni kwamba katika Januari na Februari, miezi ya joto kali, ukuta unaotazama kaskazini hauguswi na jua kutwa nzima. Utaguswa Juni na Julai, wakati ambapo hata Voi kuna ubaridi kidogo. Huo ndio ukuta wa kuchagua, ukipatikana.

Wa pili kwa ubora ni ukuta wa kusini, mradi paa limejitokeza. Adhuhuri ya Desemba jua huwa limeinama kusini kwa nyuzi 20 tu kutoka utosini, kwa hiyo ukingo wa paa uliojitokeza sentimita 25 hufunika ukuta ulio chini yake kwa zaidi ya nusu mita. Kwa sanduku lililowekwa juu, karibu na ukingo, hiyo yatosha.

Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi, wakati hewa bado ni baridi. Unavumilika. Ukuta wa magharibi ndio adui. Jua la alasiri hulipiga sanduku uso kwa uso, hewa imeshapanda joto, ukuta wenyewe umeshika moto, na ukingo wa paa hausaidii chochote kwa kuwa jua liko chini. Bahati mbaya, katika vituo vingi vya biashara maduka hutazama barabara, na barabara haikuchorwa kwa kufikiria masanduku. Anayejenga sasa na aseme na fundi kabla ya ukuta kupigwa lipu. Kuhamisha sanduku kwenye karatasi ya ramani hakugharimu kitu.

Ambaye sanduku lake lipo tayari magharibi bado ana njia, na njia hiyo ni ya zamani kuliko stima ya Voi. Aliyewahi kupita kwenye kituo cha hali ya hewa ameona kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu, kuta zake zikiwa za vibao vilivyoinamishwa kama dirisha la luva. Ndani yake hukaa vipimajoto. Kilibuniwa katika miaka ya 1860 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa kutoka Scotland, na mpaka leo hujulikana kwa jina lake. Shida yake ilikuwa ile ile ya mwenye duka: alitaka hewa ipite na jua lisiguse. Jibu lake lilikuwa rangi nyeupe, ukuta usiozuia upepo, na paa lenye nafasi ya hewa katikati. Hakuhitaji feni wala mashine.

Kwa sanduku la ukutani, kazi hiyo hufanywa na kipande cha bati. Bati linafungwa mbele ya sanduku na juu yake, likishikwa na vipande vya mbao vilivyopigiliwa ukutani, siyo kwenye sanduku. Kati ya bati na sanduku iachwe nafasi ya sentimita tano hadi kumi, na chini na juu pawe wazi. Jua hupasha bati, hewa iliyo nyuma yake hupata joto na kupanda, hewa baridi inaingia kwa chini, na sanduku linabaki kivulini ndani ya mkondo huo mdogo wa upepo. Bati likigusana na sanduku faida inapotea, kwa kuwa joto litavuka moja kwa moja. Bati lenyewe lipakwe rangi nyeupe. Bati tupu linalong'aa hudanganya macho: hurudisha mwanga mwingi, lakini joto lililoingia linatoka kwa shida, na kila mama anayekausha mahindi au mboga juu ya mabati anajua linavyounguza mkono.

Kivuli hicho kisizuie mlango wa sanduku kufunguka wala mtu kusoma mita, na maji ya paa yasimwagike juu yake. Bawaba mbili zinatosha kukifanya kifunguke kando. Seremala yeyote wa jua kali hulimaliza jambo hili kabla ya chakula cha mchana.

Rangi nyeupe ina adui wake huku nyanda za chini, nalo ni vumbi. Udongo wa Voi ni mwekundu kiasi kwamba hata tembo wa Tsavo huonekana wekundu wakishajimwagia. Sanduku jeupe lililosahauliwa kwa kiangazi kizima hubadilika rangi vivyo hivyo, na huanza kumeza joto kama lolote jingine. Lifutwe kwa kitambaa kikavu, nje tu, mlango ukiwa umefungwa. Maji ya bomba yasitumike.

Yako mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema na yanadhuru. Kutupia gunia juu ya sanduku ni moja. Gunia huzuia jua, lakini huzuia na upepo, na likikauka linakuwa kuni iliyosubiri cheche. Karatasi ya nailoni ni mbaya zaidi. Kuegemeza kuni, matofali au magunia ya makaa chini ya sanduku huziba njia ya hewa na kukaribisha mchwa. Kupanda mti karibu ili ulete kivuli ni wazo linalovutia, lakini matawi hufika kwenye nyaya, ndege hujenga, na mizizi hufuata kebo iliyozikwa. Kivuli cha mti kiwe cha watu.

Baya kuliko yote ni kutoboa sanduku kwa drili ili lipumue. Vumbi la chuma linaloanguka juu ya vifaa vyenye umeme laweza kuunganisha nyaya mbili na kulipua sanduku usoni mwa anayetoboa. Matundu ya hewa ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umezimwa: ya kuingiza yakiwa chini, ya kutoa yakiwa juu yenye kofia ya kuzuia mvua, na yote yakiwa na wavu mwembamba. Bila wavu, nyigu watahamia ndani ya wiki chache na mijusi watawafuata.

Na matundu hayo ni ya Voi, Maungu, Mwatate ya chini na Taveta. Wakaazi wa Wundanyi, Werugha na Mghange wasiige. Huko juu shida ya sanduku ni maji. Mchana jua la milimani hupasha hewa ya ndani, nayo hupanuka na kutoka. Usiku baridi ikishuka, hewa inajikunja na sanduku linavuta ukungu. Asubuhi matone yananing'inia kwenye dari ya sanduku na kudondokea swichi, na baada ya misimu michache skrubu zinageuka kutu. Sanduku la milimani liwe limefungwa vizuri juu na kando, nyaya ziingie kwa chini, na kuwe na kitundu kimoja kidogo cha kutolea maji kwenye sakafu yake. Kivuli bado linakihitaji, kwa sababu kadiri sanduku lisivyopata joto kali mchana ndivyo lisivyovuta ukungu mwingi usiku. Tena miale ya jua inayochakaza plastiki ni mikali zaidi kadiri mtu anavyopanda mlima, ubaridi wa hewa usimdanganye mtu.

Plastiki hiyo iangaliwe. Paipu nyeupe za kupitishia waya na masanduku ya bei nafuu hugeuka manjano, kisha huacha unga mweupe kidoleni, kisha huvunjika kwa kuguswa. Waya bapa mweupe wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kwa jua na haupaswi kuonekana nje hata kwa mita moja. Kebo za nje huwa nyeusi kwa sababu masizi yaliyochanganywa kwenye ngozi yake ndiyo yanayoikinga.

Wenye sola wana mzigo wa ziada, nao ni betri. Betri za risasi hupimwa maisha yake kwa nyuzi 25, na kila nyuzi kumi zinazoongezeka hukata maisha hayo karibu nusu. Betri iliyoahidiwa miaka minne, ikifungiwa ndani ya sanduku la chuma juani, yaweza kufa kabla ya miwili, na muuzaji akalaumiwa bure. Betri za lithiamu nyingi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 45 wakati wa kuchaji, kwa hiyo mchana wa jua kali, saa ile ile sola inapotoa umeme mwingi, zinaukataa. Inveta nayo ikipata joto hupunguza kazi yenyewe ili isiungue. Paneli zikae juani. Vingine vyote viingie ndani, chumba chenye dirisha, au nyuma ya ukuta wa kaskazini. Kwa pampu za visima mashambani, kivuli kizuri mara nyingi kipo tayari bure: chini ya paneli zenyewe, upande wa nyuma, sanduku likiinuliwa kutoka ardhini ili mafuriko na mbuzi wasilifikie.

Joto na baridi vikibadilishana kila siku hulegeza pia skrubu zinazobana nyaya, hasa pale waya wa aluminiamu ulipounganishwa na wa shaba. Kiungo kilicholegea hutoa joto lake chenyewe, hata kivulini. Ishara zake ni harufu ya plastiki inayoungua, doa la kahawia kwenye breka, mlio mwembamba kama wa nzi, au taa zinazopunguka na kurudi. Sanduku la chuma lisipapaswe kwa mkono ili kujua kama lina moto, kwa kuwa likiwa na hitilafu laweza kuwa na umeme. Mafundi wana kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Si kile cha kupimia homa kilichoenea wakati wa korona. Hicho hupima kiwango kidogo tu cha joto la mwili.

Nani aruhusiwe kugusa nini? Mita, na sanduku lake lililotiwa sili, ni mali ya Kenya Power. Kulifungua, kulipaka rangi au kulipigilia kitu ni kosa kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, hata nia ikiwa njema. Kuweka bati lililosimama lenyewe kwenye ukuta wa mwenye nyumba ni jambo jingine, na hata hivyo ni vizuri kuuliza kwanza. Nyaya na swichi baada ya mita ni za mwenye nyumba, lakini kazi yake ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwananchi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Ambaye breka yake inaanguka na aandike kwenye karatasi, kwa siku saba, saa iliyoanguka na kilichokuwa kimewashwa, kisha karatasi hiyo aibandike karibu na sanduku fundi aikute. Kwa mita iliyopasuka au kuzimika, au waya wa nje uliolegea, Kenya Power hupatikana kwa nambari 97771. Sanduku la mulika mwizi lililoachwa wazi au kupoteza mlango wake liripotiwe kwa ofisi ya msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo, na watoto wakae mbali nalo mpaka lifungwe.